Mawe Meupe ya Fundi Mwinyimvua

Mwanasha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alidai kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Alikuwa ametoka kumwaga majivu, kumekucha lakini ukungu bado umelalia mkonge, akamwona Yudith binti Raheli akilizunguka tanuu la chokaa mara tatu, kinyumenyume, kichwa wazi, midomo ikichezacheza kwa Kikaguru. Halafu akapiga magoti, akauchomeka mkono katikati ya kuni mpaka begani, akaacha kitu humo. Kitu gani? Hapo Mwanasha alishusha sauti. Jumatatu kilikuwa kitambaa chekundu. Jumanne kilikuwa kitambaa chekundu chenye nywele ndani. Jumatano wanawake wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, walikuwa wameshaambiwa habari za mfupa, na kufikia Alhamisi mfupa ule ulikuwa na jina la marehemu.

Yudith aliyasikia yote, maana kuta za kambi ile ya wafanyakazi wa mkonge zilizuia upepo tu, na upepo wenyewe si wote. Aliendelea kupepeta unga. Uongo haukumuudhi sana. Angeishi vipi jirani na Mwanasha kama uongo ungekuwa unamuudhi? Kilichomuudhi ni kwamba ndani ya takataka zote zile Mwanasha alikuwa ameokota neno moja la kweli. Mkono uliingia kwenye kuni. Na uliingia mpaka begani.

Masika ya mwaka ule maji ya mto Mkondoa yalisomba tuta la reli, na chokaa iliyokuwa ije Kilosa kutoka pwani ikakwama njiani. Wakati huohuo barua ikafika kwamba wakubwa wa kampuni wanakuja kutoka Ulaya kulitazama shamba lao la mkonge. Meneja akaamua shamba lote liwe jeupe: ofisi nyeupe, tangi la maji jeupe, mawe ya kando ya barabara meupe, hata vyumba vya kambi, ambavyo mvua ilikuwa ikiingia humo bila hodi, navyo viwe vyeupe kwa nje. Ungedhani wakubwa hao walikuwa wanakuja kununua maziwa. Akauliza nani kati ya watu wake anajua kuchoma chokaa.

Mwinyimvua akanyoosha mkono.

Mwinyimvua alikuwa mfagiaji wa korona, yaani kile kiwanda cha kukwangua mkonge. Kwa miaka kumi na moja alifagia takataka za majani huku akimweleza kila aliyepita kwamba yeye hasa si mtu wa kufagia, yeye ni mjukuu wa wachoma chokaa wa Bagamoyo, na kwamba nyumba za mawe za kule zimesimama kwa jasho la babu zake. Watu walikuwa wakimwitikia na kwenda zao. Sasa meneja alimpa lori, wanaume kumi na wawili, na jina la fundi. Siku ileile aliacha ufagio, akaanza kutembea mikono nyuma.

Sasa, kule pwani mchoma chokaa hana haja ya kuchagua jiwe. Ardhi yenyewe ni matumbawe. Okota jiwe lolote, lipandishe juu ya magogo, washa moto, utapata chokaa. Ndivyo babu zake Mwinyimvua walivyofanya, na walifanya vizuri, Mungu awarehemu. Mjukuu wao alikuja bara akiamini kwamba mawe yote duniani ni ndugu wa baba mmoja. Alichojua ni kwamba chokaa ni nyeupe. Kwa hiyo alitafuta jiwe jeupe kuliko mawe yote. Alipanda lori, mbele, karibu na dereva, akafuata njia ya Mikumi mpaka kwenye vilima, na akarudi safari tatu na mzigo wa mawe yaliyometa hivi kwamba ukiyatazama jua la saa sita machozi yanakutoka.

"Watu wa bara," aliwaambia waliokuwa wakiyashusha, "mnalala juu ya mali hamjui. Mtoto wa pwani akija ndipo mnaonyeshwa."

Cornel, nyapara mkuu, akayapiga mawe yale kwa fimbo, akasema ni mawe mazuri. Cornel alikuwa mtu wa kukubaliana na kitu chochote kilicholetwa kwa lori.

Yudith alikuwa amesimama na ndoo yake kichwani, anatazama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa tangu utotoni, kutazama. Alisoma mpaka darasa la nne kule Mamboya, kwenye shule ya misheni, kabla baba yake hajaja kukata mkonge na kufia humo. Mwalimu wake, Simoni, alikuwa mzee mkali mwenye suruali moja, ambaye hakuwa na kitabu cha elimu ya ardhi wala chupa za dawa, ila alikuwa na ndimu. Siku moja alipanga mezani ganda la yai, ganda la konokono, jiwe la mtoni na kibonge cha kijivu alichokitoa shambani kwake, akakamulia ndimu kila kimoja. Ganda la yai likatoa mapovu. Konokono naye hivyohivyo. Kibonge cha kijivu kikachemka kana kwamba kiko motoni. Jiwe la mtoni likakaa kimya, limelowa tu.

"Andikeni," alisema Mwalimu Simoni. Na Yudith aliandika, na kwa vile daftari lilikuwa moja kwa mwaka mzima, aliandika pia kichwani. Ndani ya jiwe la chokaa kuna hewa imefungwa, ileile tunayoitoa puani. Ukali wa ndimu unaifungua, ndiyo yale mapovu. Moto mkali nao unaifukuza. Jiwe likishaachwa na hewa yake huwa jepesi na lenye kiu. Ukilipa maji linatokota na kupasuka likawa unga. Ukiupaka unga huo ukutani, polepole unaivuta hewa ileile kutoka angani, ukarudi kuwa jiwe. Lakini jiwe lisilotoa povu halina hewa ya kufukuzwa. Ulichome mpaka kiama.

Basi siku mawe ya fundi yaliposhushwa, Yudith aliokota kipande kimoja kilichodondoka, akaenda nacho nyumbani. Akakisaga kidogo juu ya jiwe la kusagia, akakikamulia ndimu. Kimya. Kisha akaenda nyuma ya kambi, kwenye ardhi nyeusi ya mbuga ambako wanawake walilima mihogo na kulaani, maana majembe yao yaligonga kila mara vibonge vya kijivu, vibaya, vyenye vinundu kama tangawizi. Akaokota kimoja, akakisaga, akakikamulia. Kikachemka mpaka povu likapanda vidoleni.

Alicheka peke yake. Milima hunyeshewa, maji ya mvua huyayusha chokaa iliyomo kwenye miamba na kuteremka nayo bondeni. Bondeni jua hunywa maji na kuiacha chokaa udongoni, kama chumvi inavyobaki chini ya chungu. Jiwe jeupe halikubali kuyeyushwa, ndiyo maana hubaki kule vilimani linametameta, likiwasubiri mafundi.

Kesho yake alimfuata Mwinyimvua. Tanuu lilikuwa limeshapangwa kipwani kwelikweli: magogo yamelazwa mduara, tundu la moto katikati, mawe yamerundikwa juu. Kamba ya mkonge ilizungushwa, na fundi alikuwa ameshatangaza kwamba mwanamke asiivuke mpaka majivu yapoe, maana tanuu lina haya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Simama hukohuko."

"Nimesimama. Fundi, haya mawe umeyajaribu?"

"Nimeyajaribu vipi?"

"Kwa ndimu. Ukisaga kidogo, ukakamulia, la chokaa linatoa povu. Haya nimeyajaribu, hayatoi. Yale ya kijivu ya mbugani ndiyo yanatoa."

Mwinyimvua aliwageukia wanaume wake ili wote wafaidi.

"Mmesikia? Ndimu! Huyu anataka tupike samaki." Wakacheka. "Binti, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"La nne. Mimi babu yangu hakusoma hata moja, na nyumba zake zimesimama. Ati mawe ya mbugani! Yale yenye rangi ya kinyesi cha mbuzi ndiyo yatoe chokaa nyeupe? Tangu lini kitu cheusi kikazaa cheupe? Nenda kamsaidie mama kuanika singa."

"Mkaa nao ni mweusi, fundi, na majivu yake ni meupe," alisema Yudith.

Mmoja wa wanaume alicheka tena, upande usiotakiwa, na Mwinyimvua akakasirika. "Toka hapa!"

Akatoka. Angeweza kuliacha jambo lile hapo, na mtu mwenye akili ya kawaida angeliacha. Lakini Yudith alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu akikijua alitaka kukiona. Alfajiri ya siku ya kuwasha moto alichukua vibonge vitatu vya kijivu, akavuka kamba, akapiga magoti upande unaoelekea tangi la maji, akavisukuma katikati ya magogo mpaka mkono ukaishia begani. Hakuzunguka. Hakurudi kinyumenyume. Kitambaa cha kichwa kilikuwepo kichwani. Kama midomo ilicheza ni kwa sababu gogo lilimchuna kiwiko.

Moto uliwaka siku mbili. Mawe ya vilimani hayapendi kuchomwa. Yalianza kupasuka, paa, paa, kama bunduki, vipande vikiruka mpaka kwenye kamba za kuanikia singa, na wanaume kumi na wawili wakalala chini kama askari wa vitani. Mwinyimvua, naye akiwa chini, kofia imemtoka, aliwaelezea kwamba hiyo ndiyo sauti ya chokaa kuiva.

Majivu yalipopoa, meneja alikuja mwenyewe. Fundi akamwaga maji. Pale ambapo pangetokota na kutoa mvuke, maji yalipita kati ya mawe, yakatoka upande wa pili yakiwa machafu kidogo. Mawe yalikuwa yaleyale, yamepasuka tu, na kwa kupasuka yakazidi kumeta. Mwinyimvua akachukua brashi, akaichovya kwenye tope la majivu, akapaka ukuta wa ofisi. Ukuta ukawa kama umepigiwa chafya na mtoto mwenye mafua. Meneja alitazama ukuta, akamtazama fundi, akasema neno moja la kwao, akaondoka.

Hapo ndipo Mwanasha alipokumbuka aliyoyaona. Na Mwinyimvua, ambaye kwa muda wa saa nzima alikuwa hana pa kuuweka uso, akapewa pa kuuweka.

"Nilisema tanuu lina haya! Nilisema au sikusema?"

Cornel hakutaka kesi ndefu. Wageni walikuwa wanakuja Jumatatu ya pili, chokaa hakuna, na meneja alikuwa amemuuliza yeye, si fundi. Siku ya Alhamisi alikuja mlangoni kwa Raheli, akasimama nje, akazungumza na fremu ya mlango.

"Mama Yudith, Jumamosi mkitoe chumba. Kazi ya singa nayo basi. Shamba halitaki watu wa mambo haya."

Raheli alikuwa ameanika singa za shamba lile miaka saba, mikono imeliwa na maji ya mkonge mpaka haishiki sindano. Hakuwa na kaka Mamboya wala shamba kokote. Alikaa chini kizingitini.

"Mwanangu," alisema Raheli, Cornel alipokwisha kwenda, "hebu niambie. Ulikwenda kwenye tanuu?"

"Nilikwenda, mama."

"Uliweka kitu?"

"Niliweka mawe."

"Mawe? Kwenye tanuu la mawe?" Raheli alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Baba yako angekuwepo angecheka. Mimi siwezi."

Jumamosi asubuhi, kengele ilipolia na watu kukusanyika mbele ya korona kuitwa majina, Raheli alikuja na mkeka wake umeshafungwa. Yudith alikuja na ndoo ya maji. Cornel alipomaliza majina, Yudith akapita mbele.

"Shikamoo, bwana nyapara. Naomba kusema."

"Marahaba. Sema ukiwa unatembea."

"Mwanasha anasema kweli. Niliweka kitu kwenye tanuu."

Kelele zilizopanda hapo! Mwanasha alishika kiuno, akageuka huku na huku apokee sifa zake. "Si niliwaambia! Si niliwaambia jamani!" Hata yeye, ilionekana, alikuwa hajajiamini sana.

"Na kitu chenyewe bado kimo," alisema Yudith. "Twendeni mkakione."

Nani angekubali kwenda kazini kabla ya kuuona mfupa wenye jina? Walikwenda wote, na Cornel nyuma yao akipiga kelele za kuwazuia, naye akiharakisha asikose. Kamba ilikuwa imeshakanyagwa. Yudith akapiga magoti upande wa tangi, ambako maji ya fundi hayakufika, akafukua majivu makavu kwa kijiti. Akatoa kibonge cha kwanza, kisha cha pili. Cha tatu kilichelewa. Vilikuwa vimekwajuka, na alipompa Cornel kimoja, nyapara alikirusharusha mkononi.

"Mbona chepesi?"

"Hewa imetoka. Kiweke chini, bwana nyapara, kitakuunguza."

"Kipoe namna hii kiniunguze?"

"Kiweke chini."

Cornel akakiweka pamoja na vingine, na Yudith akavimwagia maji. Kwa kitambo kidogo hakikutokea kitu, na mtu mmoja akaanza kucheka. Kisha kibonge kikapiga sauti kama mafuta kwenye kikaango, kikatoa mvuke, kikapasuka mara mbili, mara nne, kikavimba na kuporomoka kuwa unga mweupe, mweupe kuliko kanzu ya Idi. Cha pili vilevile. Cha tatu kiliporomoka nje tu, ndani kikabaki na kiini cha kijivu.

"Hicho hakikuiva," alisema Yudith. "Moto wa pembeni ulikuwa mdogo." Akachovya kijiti kwenye ule uji wenye moto, akaburuta mstari juu ya gogo lililoungua. Mstari ulikuwa kijivu ulipokuwa mbichi; ulipoanza kukauka ukang'aa. "Ni mawe ya mbugani. Yale yanayovunja majembe yenu. Na haya," akaokota kipande kinachometa, "ni jamaa wa mchanga na chupa. Hayana chokaa hata ya kujaza kijiko."

Watu walisogea karibu. Yudith, ambaye alikuwa ameyapanga maneno yale siku mbili nzima akipepeta unga, alidhani sasa wameona.

"Ndiyo hivyo!" alipiga ukelele Mwanasha. "Mmeona? Mawe ya fundi elfu nzima yamekataa, yake matatu yamekubali! Kama si dawa ni nini?"

Na ukitazama nyuso za watu ungeona kwamba nusu yao waliona hoja ya Mwanasha ina uzito zaidi. Mwalimu Simoni hakuwahi kumfundisha Yudith kwamba kitu kinaweza kutokota mbele ya macho ya watu mia mbili na wakaondoka na majibu yao waliyokuja nayo.

Cornel alikuwa anautazama ule mstari juu ya gogo. Yeye dawa au si dawa hakujali; alikuwa anaona ukuta wa ofisi.

"Fundi," alisema. "Unayajua haya mawe?"

Mwinyimvua alikohoa. "Nayajua. Nilikuwa nimeyaweka ya awamu ya pili."

"Basi awamu ya pili ianze. Nataka chokaa Ijumaa. Kesho Jumapili kengele italia kama kawaida." Akamgeukia Raheli, au tuseme aliugeukia mkeka wake. "Nyie kaeni mpaka Ijumaa. Baada ya hapo tutaona. Watu hawataki kukaa na ninyi, mimi nifanye nini? Wakinyamaza mtabaki, wasiponyamaza hambaki. Kazini!"

Siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, Mwinyimvua alikuja kwenye mlango wa Raheli. Hakuwa na mikono nyuma. Alikuwa ameshazunguka mbugani na jembe tangu saa tano, viatu vimejaa tope jeusi, na mfukoni alikuwa na vibonge vya kila aina, kimojawapo kikiwa udongo mtupu uliogandishwa na jua. Yudith alikuwa uani anachambua mboga.

"Hodi hapa."

"Karibu, fundi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Alivitoa vibonge mfukoni, akakunjua viganja. "Hebu nitazamie haya. Lipi lipi?"

Yudith alitazama bila kushika. "La kulia. Mengine ni udongo."

"La kulia. Nilijua." Akachuchumaa, jambo ambalo Yudith hakuwahi kumwona akilifanya tangu apate ufundi. "Nimechimba kutwa nimepata kapu moja. Wanasema wewe unajua yalipo mengi. Unipeleke kesho, mimi na wewe tu, kabla watu hawajaamka. Ijumaa si mbali. Nikikosa safari hii, Cornel ananirudisha kwenye ufagio."

"Yapo mengi," alisema Yudith. "Kwenye kingo za korongo, pale maji yalipochimba, yamepangana kama mkate. Lori moja halimalizi."

"Ah! Mungu akubariki. Basi kesho."

"Kesho si kabla watu hawajaamka. Kesho kengele ikishalia." Aliiweka mboga kando. "Ukisimama pale mbele, na Mwanasha yupo na wote wapo, uwaambie lile tanuu la kwanza liliharibika kwa nini. Wewe mwenyewe useme, si mimi. Useme ulichoma mawe yasiyo ya chokaa. Hapo ndipo nitakupeleka, na ndimu nitabeba."

"Mwanangu, tutasema tu, taratibu, chokaa ikishatoka. Watu watasahau wenyewe."

"Mama anatolewa Ijumaa. Mimi wananisikia na kusema dawa. Wewe ndiye uliyesema tanuu lina haya. Wewe wakikusikia watanyamaza."

Mwinyimvua alivifunga viganja vyake. Upande wa pili wa ukuta kinu cha Mwanasha, kilichokuwa kikitwanga tangu mchana, kilikuwa kimesimama. Raheli alitokea mlangoni, mkeka bado umefungwa, akaegemea fremu na kumtazama fundi, naye fundi akayatazama matope ya viatu vyake, kiatu cha kwanza kisha cha pili.

"Neno moja tu, fundi," alisema Yudith. "Utawaambia?"